Tundu la Sampo: Tarikhi ya Mafundi wa Njia ya Rusumo

Katika gereji za kando ya barabara itokayo Lusahunga hadi Rusumo, ambazo aghalabu paa lake ni kivuli cha mwembe na sakafu yake ni udongo uliokunywa oili miaka mingi hata ukawa mweusi kama lami, huonekana vimetundikwa vyombo vya bati vyenye umbo la sinia lenye kina, vilivyotobolewa matundu madogo pembezoni pande zote, ambavyo mgeni asiyejua kazi ya magari huweza kuvidhania kuwa ni vyombo vya jikoni vilivyomaliza muda wake. Hizo ni sampo za giaboksi za otomatiki. Kila moja ilikuwa chini ya tumbo la gari, imebeba oili nyekundu ambayo giaboksi huivuta kwa pampu, huitumia kusukuma sahani za klachi, huilainishia meno yake, kisha huirudisha katika sampo ipate kutua. Fundi anapoitungua mojawapo kwa ajili ya mteja, jambo la kwanza alifanyalo, kabla ya kulinganisha umbo na kabla ya kutaja bei, ni kuigeuza na kutazama upande wake wa chini kama ina tundu lenye nati ya kumwagia oili. Ikiwa nayo, huipangusa vumbi kwa kitambaa. Ikiwa haina, huirudisha mahali pake na kutafuta nyingine.

Tendo hilo dogo limenishughulisha fikira kwa muda mrefu, kwa kuwa nimeona ndani yake hekima ambayo haikuanza na magari, wala haikuletwa na waliotuletea magari. Ni hekima ya watu wakaao mwisho wa njia, ambao tangu dahari vitu vya wengine huwafikia vikiwa vimekwisha kutengenezwa, vimefungwa, na mtengenezaji wake yuko ghaibu. Nao, kwa kuwa hawana wa kumwita kitu kikiharibika, wamejifunza kukithamini kile kifungukacho kuliko kile kimetacho. Nimekusudia kusimulia tarikhi ya hekima hiyo katika wilaya za Ngara na Biharamulo, na jinsi ilivyokuja kukaa katika tundu lisilozidi upana wa kidole gumba.

Ramani yenyewe inatosha kuonyesha kuwa nchi hizi ni za mwisho wa njia. Bidhaa itokayo pwani huzipita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama kabla ya kuikuta Nyakanazi, nayo ikishaipita Lusahunga huanza kupanda na kushuka vilima vya Ngara mpaka iufikie mto Kagera kwenye maporomoko ya Rusumo, ambayo jina lake lenyewe, kwa lugha za huko, maana yake ni maporomoko. Hapo Tanzania hukoma na Rwanda huanza. Na kwa njia ya pili, ipitayo Kabanga, huanza Burundi. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, aliyeondoka Pangani mwishoni mwa 1893, aliuvuka mto huo hapo Rusumo mwezi wa Mei 1894 akiingia Rwanda, na kila alichokihitaji, kuanzia hema hadi risasi, kilikuwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, mzigo wa mtu mmoja ukiwa yapata frasila mbili. Miaka michache baadaye Wajerumani walijenga boma lao Biharamulo, ambalo lingali limesimama. Mwaka 1916 Wabelgiji wakalitwaa katika vita kuu ya kwanza. Na vita vilipokwisha, mapatano ya Waingereza na Wabelgiji ya 1919 yakaitenga nchi ya Bugufi, iliyokuwa ikihesabiwa upande wa Urundi, ikawa ya Tanganyika, na ndiyo hiyo ambayo pamoja na Bushubi ilikuja kuwa wilaya ya Ngara. Mipaka ilichorwa na kufutwa, lakini mzigo ulibaki kichwani mwa mtu, kwani vichaka vya Biharamulo vilijaa mbung'o na malale, na mnyama wa kukokota gari asingeweza kuishi humo.

Asidhani mtu kwamba watu wa nchi hii walikuwa wakingojea vyuma vya wageni. Katika Uzinza, ambayo sehemu yake iko Biharamulo, waliishi Warongo, mafundi waliokuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyolima mashamba na yaliyotolewa mahari. Mhunzi hakuweza kuuona moyo wa tanuri lake. Aliupima kwa rangi ya moto, kwa sauti ya mvukuto na kwa takataka zilizotoka, akajua kama chuma kimeiva au kimeharibika. Kazi ya fundi wa giaboksi ni ndugu wa kazi hiyo. Naye ana chombo kilichofungwa asichoweza kukichungulia, naye hana budi kukihukumu kwa kile kitokacho ndani yake. Kwa sababu hiyo sioni kuwa ni ajabu kwamba nchi iliyokuwa ya wahunzi imewazaa mafundi wanaotazama kwanza mahali pa kutokea.

Enzi ya injini ilikuja taratibu. Malori yalizifuata njia za wapagazi, yakazama katika matope ya masika na kukatika springi wakati wa kiangazi, na dereva alikuwa pia fundi, kwa kuwa hakuwa na wa kumtegemea msituni ila mikono yake na ya utingo wake. Baada ya uhuru barabara ilianza kutengenezwa kwa bidii, daraja likajengwa Rusumo katika miaka ya 1970, na kisha lami ikavutwa kutoka upande wa Isaka, mahali ambapo reli hushusha mizigo ya Rwanda na Burundi ikapakiwa katika malori. Kampuni ya Kiitaliano iliyofanya kazi ya barabara iliweka kambi yake karibu na Kasulo ya Ngara. Kazi ikaisha, Waitaliano wakaondoka, jina lao likabaki juu ya ardhi, na hata leo abiria ashukaye hapo humwambia kondakta kwamba anashuka Benaco.

Lakini zama zile zile zilizoleta lami zilileta ukame wa spea. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ya mafuta ya petroli ilipopanda ilhali bei ya mazao yetu ikishuka, fedha za kigeni ziliadimika nchini, na ingawa kiwanda cha TAMCO pale Kibaha kilikuwa kikiunganisha malori ya Scania, kuipata filta au gasketi huku magharibi kulikuwa ni bahati. Ndipo mafundi walipokata gasketi kwa makaratasi ya maboksi, wakaisafisha filta kwa petroli na kuirudisha, na oili iliyomwagwa ikachujwa kwa kitambaa ikatumiwa tena mahali pasipodai usafi mkubwa. Kila fundi aliyelelewa katika miaka hiyo alijifunza somo moja ambalo kitabu hakikulisema: kwamba ubora wa kifaa haupimwi kwa upya wake peke yake, bali pia kwa idadi ya mara ambazo kinaweza kufunguliwa na kufungwa bila kuharibika. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu mwenye fedha zake nje aagize bidhaa bila kuulizwa alikozipata, spea zilianza kurudi madukani, lakini somo lile lilikuwa limekwisha kuingia damuni.

Halafu ukaja mwaka 1994. Siku ya 28 na ya 29 mwezi wa Aprili, karne moja kasoro siku chache tangu von Götzen avuke kwenda ng'ambo, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuja huku, katika muda wa takriban saa 24, wakikimbia Rwanda, na ile kambi ya zamani ya wajenzi wa barabara ikageuka kuwa mji wa mahema mkubwa kuliko miji yote ya mkoa. Zikafuata kambi za Lumasi, Musuhura, Lukole na nyinginezo. Sina haja ya kuirudia hapa misiba ya mwaka ule, ambayo inastahili kuandikwa kwa kalamu yake yenyewe. Ninalotaka kulieleza ni kwamba umati huo ulilishwa kwa malori. Mahindi, maharage, mafuta ya kula, maji, dawa na maturubai, vyote vilipita barabara moja, usiku na mchana, na barabara iliyozoea magari machache ilibeba misafara mirefu. Palipo na malori mengi pana magari mengi mabovu. Na vijana wa vijijini walioajiriwa kubeba magunia na kuosha magari walijikuta wakishika spana, wakiwatazama makanika wa mashirika ya misaada wakifanya kazi kwa zana kamili na kwa ratiba, oili ikimwagwa siku yake ilipotimia hata kama gari halijalalamika.

Hilo lilikuwa somo la pili, na thamani yake haikuwa ndogo kuliko ya lile la kwanza. Ukame wa spea uliwafundisha mafundi wetu kukifufua kitu kilichokufa. Misafara ya wakimbizi iliwafundisha kukizuia kisife. Warwanda walirudishwa kwao mwezi wa Desemba 1996, wakimbizi wa Kirundi wakabaki Lukole kwa miaka kadhaa zaidi, mahema yakakunjwa, lakini gereji zikabaki, na katika gereji hizo desturi ya kumwaga oili kabla ya madhara. Katika miaka iliyofuata, ambamo majambazi wenye silaha waliyafanya mapori ya Biharamulo kuwa ya kuogofya hata mabasi yakawa yanasindikizwa na askari, kuharibikiwa na gari njiani kulikuwa ni jambo la uhai na mauti, na msafiri alimwomba Mungu amfikishe salama, kisha akamwomba fundi wake mambo mengine yaliyosalia.

Sasa sharti nitoke Ngara kwa muda, niende kuitafuta asili ya sampo yenyewe. Giaboksi ya otomatiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi ilikuwa Hydra-Matic ya kampuni ya General Motors ya Marekani, iliyotolewa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, nayo ikapata sifa zaidi ilipowekwa katika vifaru vyepesi vya vita kuu ya pili. Oili yake ilihitaji tabia mbili zinazogombana, yaani kulainisha meno na wakati huohuo kuziacha sahani za klachi zishikane bila kuteleza. Na kwa miaka mingi tabia hizo zilipatikana pamoja kwa kuchanganya mafuta ya nyangumi, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, sheria za Marekani za kuwalinda viumbe walio hatarini zilipowalazimisha wenye viwanda kutafuta njia nyingine. Hivyo kiumbe wa bahari kuu alikuwa akizunguka ndani ya magari ya nchi kavu, na wengi wa waliokuwa wakiyaendesha hawakulijua hilo.

Giaboksi za mwanzo nyingi zilikuwa na nati ya kumwagia oili. Lakini kadiri magari yalivyozidi kutengenezwa kwa mamilioni, wahasibu wa viwanda waliona kwamba kutoboa tundu, kuchomelea kitako chenye nyuzi na kukifungia nati ni gharama inayorudiwa mara milioni, ilhali mwenye gari anayetaka kubadilisha filta hana budi kuishusha sampo yote hata hivyo. Sampo za Turbo-Hydramatic za General Motors, zilizoanza kutoka mwaka 1964, aghalabu zilitolewa bila tundu, na viwanda vingine vya Marekani vikafuata mwendo huo. Kule Detroit, ambako gari huinuliwa kwa mashine na oili ikapokewa katika chombo kipana, taksiri hiyo ilikuwa ndogo. Huku, ambako fundi hulala chali juu ya kipande cha boksi, akalegeza bolti za upande mmoja na kuingoja sinia iliyojaa oili ya moto impindukie, taksiri hiyo humwagika juu ya kifua chake. Senti alizozihifadhi mtengenezaji hazikupotea. Zimelipwa, na zinaendelea kulipwa, na mtu ambaye hakuwepo siku ya kuamua.

Wajapani waliishika njia nyingine. Toyota walianza na giaboksi yao iitwayo Toyoglide mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1969 ikaundwa kampuni ya Aisin-Warner, kwa ushirika wa Aisin ya Japani na Borg-Warner ya Marekani, ambayo giaboksi zake ndizo zilizokuja kuenea katika magari ya Toyota; na katika sampo zake nyingi nati ya kumwagia oili ilidumishwa. Magari hayo, yakiwa yamekwisha kutumika kwao, yalianza kuingia Tanzania kwa wingi tangu miaka ya 1990. Awali mtu wa Ngara aliogopa otomatiki, akisema kwamba haivutiki ikizimika, haifai milimani, na ikiharibika haina fundi. Lakini bei ilimshawishi, na Toyota Noah zilizobeba abiria kati ya Ngara mjini, Benaco na Rusumo zikamthibitishia kwamba giaboksi ya otomatiki huvumilia mlima vizuri sana, mradi oili yake haikuachwa ikaungua. Sharti hilo la mwisho ndilo lililoifanya nati ya sampo kuwa na heshima iliyo nayo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na gari ambalo sampo yake haikuwa na tundu, na jiwe moja la njia ya vumbi, lililorushwa na gurudumu la mbele, liliibonyeza sampo hiyo hata ikaanza kuvuja kwenye gasketi. Nilifika kwa fundi mmoja mzee katika wilaya ya Biharamulo, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akalala chini ya gari kwa muda bila kusema neno. Alipotoka alinieleza kwa upole kwamba angeweza kuinyosha sampo ile na kuirudisha, lakini kwamba ikiwa ni lazima tuishushe, basi ni haramu kuirudisha bila tundu. Sikumwelewa siku ile. Nilimwona akiimwaga oili ndani ya karai, akiiosha sampo kwa petroli na kisha kwa sabuni mpaka isibaki harufu, kwa kuwa chombo chenye mvuke wa mafuta hakipelekwi kwenye moto wa kuchomelea. Nikamwona akichagua mahali pa kutoboa, akipitisha kidole mara tatu ndani ya bati kama mtu asomaye. Na baada ya kukichomelea kitako cha chuma chenye nyuzi, akapaka chaki upande wa nje na mafuta ya taa upande wa ndani, akaiweka kivulini, tukanywa chai. Chaki ilibaki nyeupe. Kama pangalikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, mafuta ya taa yangalipenya na kuichora. Ndipo akaanza kunifundisha jinsi ya kuichagua sampo, nami ninayaandika mafundisho hayo kwa kadiri nilivyoyashika, pamoja na niliyoyajua baadaye.

Kwanza, umbo ni kabla ya idadi. Watu wengi huhesabu bolti na kudhani wamemaliza, ilhali Turbo-Hydramatic ya 350 na ya 400, kwa mfano, zote zina bolti 13, na sampo zao hazikubaliani hata kidogo. Mwenye kutafuta sampo hana budi kuijua giaboksi yake kwa jina na namba, si kwa jina la gari, maana gari moja huweza kuwa limefungwa giaboksi tofauti kwa miaka tofauti. Na ikiwezekana aende na gasketi ya zamani ailaze juu ya sampo anayotaka kuinunua, tundu juu ya tundu. Mfanyabiashara mwaminifu wa spea wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Mwanza hatakasirika kwa kipimo hicho.

Pili, kina. Sampo hubeba oili, lakini vilevile huihifadhi filta, na mdomo wa filta sharti uwe karibu na sakafu ya sampo bila kuigusa. Sampo fupi kuliko inayotakiwa huuziba mdomo huo, na ndefu kuliko inayotakiwa, isipoletwa pamoja na filta yake au kipande cha kuishusha, huufanya mdomo unyonye hewa gari linapopanda mlima. Sampo yenye kina huongeza oili na kuipunguzia joto, jambo jema katika milima ya Ngara. Lakini huishusha pia karibu na mawe, na mwenye gari la chini atafanya vyema kuikataa neema hiyo. Aliyeongeza kina akumbuke kuongeza oili, na aipime kwa dipstiki injini ikiwa inanguruma na oili imepata moto, kama kitabu cha gari kinavyoagiza.

Tatu, mahali pa tundu. Nati iliyotokeza chini ya sampo kama kitovu cha mtoto itakatwa na jiwe la kwanza, na aliyeitia ili aiokoe giaboksi atakuwa ameifungulia njia ya kufa. Nati njema huwa ubavuni, upande wa nyuma, chini kadiri iwezekanavyo, au ndani ya kibonde kilichofinyangwa katika bati ili kichwa chake kisitokeze. Tundu likiwa juu mno huacha tope lililotua, na tope ndilo hasa tunalotaka litoke.

Nne, kitako cha nati. Bati la sampo ni jembamba, nalo haliwezi kubeba nyuzi peke yake. Kwa hiyo sampo ya kuaminika ina kitako kinene kilichochomelewa kuzunguka pande zote, na nati yake ina washa ya shaba au ya alumini inayobadilishwa. Vile vipande vya kutoboa na kubana kwa nati mbili, ndani na nje, huuzwa kwa bei nafuu na hufaa kwa muda, lakini mtikiso wa barabara ya vumbi huvilegeza. Tano, madini. Sampo ya alumini iliyosubiwa hupendeza, haipindiki, na huuweka uso wa gasketi sawasawa. Ikipigwa jiwe, hata hivyo, hupasuka, ilhali ya chuma hubonyea tu na kuendelea na safari. Mtu wa lami na achague alumini akipenda, lakini mtu wa Rulenge, Murusagamba au Nyakahura atashukuru kuwa na chuma.

Sita, tahadhari ya magari mapya zaidi. Katika giaboksi nyingi za tangu miaka ya 2000 dipstiki imeondolewa, na tundu la sampo huweza kuwa na kijibomba ndani yake ambacho ndicho kipimo cha kimo cha oili. Anayebadilisha sampo ya namna hiyo kwa nyingine isiyo na kijibomba ameutupa mzani wake, na hatajua tena kama amejaza au amepunguza. Saba, sumaku. Sampo nzuri ina sumaku sakafuni au katika ncha ya nati, na hiyo ndiyo shahada ya giaboksi: rojo la kijivu laini kama ugoro ni uchakavu wa kawaida wa umri, vipande vinavyometameta na kukwaruza kidole ni habari ya msiba ulio njiani. Oili nyekundu ni afya, ya kahawia ni uchovu, nyeusi yenye harufu ya kuungua ni kilio.

Wala asidanganyike mtu kwamba kuimwaga sampo ni kuimaliza oili. Sehemu kubwa hubaki katika konveta, iunganishayo injini na giaboksi, na katika njia za ndani, na kitokacho kwa nati aghalabu ni thuluthi moja hadi nusu ya oili yote. Hiyo ndiyo sababu ya kuithamini nati zaidi: mwenye nayo humwaga kidogo, hujaza kidogo, na hurudia baada ya miezi kadhaa, mpaka oili yote iwe imegeuka, bila kufungua bolti hata moja wala kununua gasketi. Asiye nayo, kwa kuwa kazi ni kubwa, huahirisha. Na kuahirisha, katika mambo ya mashine kama katika mambo ya mwili, ndiyo jina la upole la kupuuza.

Liko jambo jingine ambalo mafundi wa zamani hawakulizungumza sana, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Oili inayomwagwa kwa kuipindua sampo humwagika chini. Na maji ya vilima vya Ngara hushuka kwenye mabonde, mabonde huingia Ruvubu na Kagera, na Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote iingiayo Ziwa Viktoria. Udongo mweusi wa gereji zetu, ambao mwanzoni niliufananisha na lami, si alama ya ufundi, ni deni. Nati hushusha oili kwa mkondo mwembamba unaoingia moja kwa moja ndani ya dumu, na dumu likifunikwa huweza kupelekwa kwa wanaoihitaji oili hiyo. Fundi mwenye kukataa sampo isiyo na tundu anailinda giaboksi ya mteja wake, na bila ya kukusudia anayalinda pia maji ya kunywa ya watu asiowajua, mpaka Misri.

Siku hizi daraja jipya la Rusumo, lililofunguliwa rasmi mwaka 2016, hubeba malori ya pande zote mbili bila kungojana, na chini yake maporomoko yamefungiwa mitambo ya umeme ya megawati 80 zinazogawanywa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Katika Kabanga ya Ngara iko hazina kubwa ya nikeli, madini yanayotamaniwa kwa betri za magari ya umeme, na wako wanaosema kwamba magari hayo yatakapoenea, fundi wa giaboksi atakuwa kama mpagazi, mtu wa kusimuliwa. Mimi sioni hivyo. Gari la umeme nalo lina sanduku dogo la meno la kupunguza mwendo, na meno hayo yamo ndani ya oili, na oili hiyo nayo huchoka. Siku gari la namna hiyo litakapopanda kutoka Lusahunga, likiwa pengine na nikeli ya Ngara ndani ya betri yake, na kuingia kivulini mwa mwembe pale Benaco, fundi atalala chini yake juu ya kipande cha boksi kama walivyolala waliomtangulia, na mkono wake utapapasa gizani ukitafuta kichwa cha nati.

Wahenga walituusia kuziba ufa. Mafundi wa njia ya Rusumo, bila ya kuupinga wasia huo, wameongeza wa pili: kwamba katika kila chombo unachokifunga, acha mahali pa kukifungulia, na upachague vizuri.